Meno baada ya kung'arishwa: ganzi, mabaka na rangi inayorudi

Saa moja usiku, siku hiyo hiyo aliyong'arishwa meno, mteja ananiandikia: "Dada, nimevuta hewa tu kwa mdomo, jino la mbele limepiga shoti mpaka machozi yamenitoka. Mmeniharibia?"

Ujumbe wa namna hii sishangai kuupata. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Dar es Salaam. Nashika bomba la kufyonza mate, naandaa dawa, na simu ya kliniki inalala kwangu. Nayaandika haya kwa ajili ya ule usiku wa kwanza na wiki mbili zinazofuata, maana hapo ndipo watu wanapoogopa zaidi, na wakiogopa wanapaka vitu mdomoni ambavyo vinawaumiza kuliko ile ganzi yenyewe, yaani jino kushtuka kwa baridi au hewa.

Kila anayenipigia namuuliza kwanza habari ya muda. Maumivu yalianza lini? Yakija, yanakaa sekunde ngapi? Majibu ya maswali hayo mawili hutosha mara nyingi kujua kama mtu alale asubiri asubuhi au aje kliniki.

Kilichotokea ndani ya jino

Dawa ya kung'arisha ni haidrojeni peroksidi, au kabamaidi peroksidi ambayo ikipata unyevu huachia haidrojeni peroksidi. Ile ya kwenye kiti cha daktari ni kali, mara nyingi asilimia 25 hadi 40. Ile ya kwenda nayo nyumbani, jeli unayoweka kwenye trei, yaani kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno, ni nyepesi zaidi: kabamaidi ya asilimia 10, kwa mfano, ni sawa na haidrojeni peroksidi ya asilimia 3.5 hivi. Chembe zake ni ndogo mno. Zinapita kwenye enameli, ambayo ndiyo gamba gumu la nje, zinaingia kwenye dentini na kuivunjavunja rangi iliyomo, na ndani ya robo saa baadhi zimeshafika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya fahamu.

Jambo la pili ni ukavu. Umekaa mdomo wazi muda mrefu, midomo imetanuliwa kwa plastiki, mate hayagusi meno ya mbele. Jino linatoka pale limekauka. Kiini kilichokerwa, pamoja na jino lililokauka: mengi utakayoyaona siku mbili tatu za mwanzo yanatokana na hayo.

"Meno yanapiga shoti"

Hii ndiyo inayowatesa wengi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Shoti ya kawaida inakuja ghafla, hata hujagusa kitu, inachoma na kupotea ndani ya sekunde chache. Inaanza saa chache baada ya kutoka kliniki, inakolea usiku wa kwanza, na kwa watu wengi siku ya pili au ya tatu imeshalegea. Wapo wanaobaki na ganzi wakinywa maji ya baridi kwa wiki moja, hata mbili. Hushika meno kadhaa kwa pamoja, hasa ya mbele. Kiini kimekerwa tu, na kinatulia chenyewe.

Usiku huo meza panadol, au brufen kama huna vidonda vya tumbo, pumu, tatizo la figo wala ujauzito. Kunywa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Yale ya kwenye friji yaache kwanza. Na feni igeuze. Nalisema hili kwa kila mteja kwa sababu Dar tunalala na feni usoni, wengi mdomo wazi, na hewa ile inapuliza jino kavu usiku kucha. Kuna kaka mmoja alinipigia saa nane za usiku akiwa amekata tamaa kabisa. Nikamwambia aelekeze feni miguuni, alale kiubavu, afunge mdomo. Asubuhi akaandika neno moja tu: "Nililala."

Kisha tumia dawa ya meno ya kuzuia ganzi, yenye potasiamu naitreti ya asilimia 5 na floraidi. Ya kwanza inatuliza mishipa, ya pili inasaidia kuziba vijitundu vya dentini. Piga mswaki laini, tema povu, usisukutue na maji. Ukisukutua unaitoa dawa kabla haijafanya kazi. Jino linalosumbua zaidi lipake kwa ncha ya kidole na uache dakika kadhaa. Kama umepewa trei, weka dawa hiyo ndani ya trei, vaa dakika 10 hadi 30, kisha tema. Nguvu yake huongezeka siku hadi siku, ndiyo maana anayepanga kung'arisha namshauri aanze kuitumia wiki mbili kabla.

Sasa tofauti zake, na hapa rudi kwenye muda.

Baridi ikiondoka na maumivu yakabaki, dakika nzima au zaidi, hiyo siyo ganzi ya kung'arisha peke yake. Pengine kuna tundu ambalo halikuonekana, au jino lililozibwa zamani ambalo kizibo chake kimeachia pembeni na dawa imepenya. Chai ya moto ikiamsha maumivu, au jino likakuamsha usiku likidunda kama moyo, kiini kinaweza kuwa kimeumia kiasi cha kutotulia chenyewe. Usisubiri wiki iishe. Ukiuma kitu ukasikia kisu, hasa unapoachia, fikiria ufa. Na kama wiki mbili zimepita na jino moja tu ndilo linalolalamika huku mengine yametulia, jino hilo lina habari yake, lipigwe picha ya eksirei.

Wengine ganzi yao iko shingoni mwa jino, pale fizi iliposhuka kwa miaka ya kusugua kwa nguvu. Mzizi hauna enameli ya kuukinga. Hawa hupakwa vanishi ya floraidi kliniki, kazi ya dakika chache, na mswaki mgumu waweke pembeni.

Kuhusu mafuta ya karafuu: najua kila nyumba ya pwani ina kichupa, na bibi hakukosea, yanatuliza maumivu kweli. Lakini yakipakwa mazito yanaunguza fizi, na fizi baada ya kung'arishwa zinakuwa tayari zimechoka. Tena mafuta yale huzuia kizibo cheupe kugandamana vizuri, kwa hiyo ukija kuziba jino siku zijazo mwambie daktari kama uliyatumia. Aspirini ya kuweka kwenye ufizi usijaribu kabisa. Nimeona kidonda chake: nyama nyeupe inayobanduka, na jino linauma vilevile.

"Fizi zimekuwa nyeupe"

Dawa imegusa ufizi. Unakuwa mweupe kama uliomwagiwa maziwa, unawaka, na mara nyingi rangi inarudi ndani ya saa chache, au siku moja mbili kama iligusa sana. Sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Acha pilipili na achari. Kikibaki kidonda kilicho wazi baada ya siku tatu au nne, au kukavimba, njoo.

Ikitokea kila unapovaa trei, umejaza jeli nyingi. Tone dogo, kama punje ya mchele, linatosha kwa jino moja. Inayofurika ukishavaa ifute kwa pamba. Kama ni ukingo wa trei unaokwangua, tuletee tuusage. Usiukate kwa wembe.

"Nimetoka na mabaka kama chaki"

Bi harusi mmoja, mzaliwa wa miteremko ya Meru, aling'arishwa siku tano kabla ya harusi. Jioni alinitumia picha aliyojipiga bafuni: meno yote yameng'aa, ila juu ya meno mawili ya mbele kuna mabaka meupe pe, kama mtu amegusa kwa kidole chenye unga. Alikuwa analia. Nilimwomba asile kitu cha rangi, anywe maji, asijiangalie tena usiku huo, na asubuhi apige picha nyingine dirishani, mwanga wa jua, bila taa.

Nilimwomba hivyo kwa sababu enameli ikikauka hairudishi mwanga kama ikiwa na unyevu wake. Sehemu zenye udhaifu kidogo zinajitokeza nyeupe kuliko zilivyo. Mate yakilirudishia jino maji, mabaka hufifia, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48. Picha yake ya siku ya pili ilionyesha mabaka yaleyale, lakini ilibidi uyatafute.

Hayakuisha kabisa, na sikumwahidi kwamba yataisha. Yalikuwapo tangu utotoni, kwa sababu ya maji. Kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na kule Kenya kwenye Bonde la Ufa pande za Nakuru na Naivasha, miamba ni ya volkano na chemchemi na visima vingi vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Mtoto akinywa na kula hivyo katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, enameli inatoka na mabaka meupe, ikizidi ya kahawia. Nimewasikia watu wakiambiwa usoni kwamba hawapigi mswaki, watu wanaosugua meno mara tatu kwa siku. Inaniuma kila nikisikia. Doa lile halikuwahi kuwa uchafu.

Kung'arisha hupunguza ukahawia. Mabaka meupe yenyewe hayaondoki. Yanaonekana kidogo kwa sababu jino lililoyazunguka limekaribia rangi yao. Yakiendelea kukusumbua baada ya wiki mbili, daktari anaweza kuyasugua kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga laini, akichukua tabaka jembamba mno, au kuyajaza utomvu maalumu unaopenya ndani ya baka na kulifanya lisionekane. Na mtu mzima mwenye meno haya asiikimbie dawa ya meno ya floraidi. Meno yako yameshaumbika; floraidi ya kwenye mswaki sasa inayakinga tu.

"Rangi imerudi"

Imerudi lini? Ikiwa ni ndani ya wiki mbili za mwanzo, sehemu kubwa ya ulichopoteza hukuwa nacho. Jino kavu linaonekana jeupe kuliko rangi yake ya kweli, na likishapata maji linashuka kidogo na kutulia. Kwa hiyo usihukumu kazi siku ya kwanza. Daktari ana kadi yenye vijino 16 vya rangi, kuanzia B1 iliyo nyeupe zaidi hadi C4. Uliza ulianza namba gani, urudi kupimwa baada ya wiki mbili dirishani, bila rangi ya mdomo.

Habari ya chakula nitaieleza ninavyoiamini. Tunawaambia watu wakae na vyakula vyeupe kwa saa 48, na mimi nalifuata hilo: wali, ugali, samaki wa kuchemsha, kuku, mayai, mtindi, viazi, ndizi mbivu, uji. Lakini zipo tafiti za wanaovaa trei nyumbani ambazo hazikuona tofauti kubwa kati ya waliokunywa kahawa na waliojizuia. Ukisahau ukanywa kikombe kimoja asubuhi, sukutua maji, endelea na siku yako. Kinachorudisha rangi ni mazoea ya kila siku kwa miezi.

Katika siku mbili hizo, ninavyovikazania zaidi ni vitu vyenye rangi kali na uchachu kwa pamoja, maana uchachu unalainisha enameli na rangi inaingia nyuma yake. Ubuyu wa rangi, ule mwekundu wa Zanzibar, ndio wa kwanza. Juisi ya rozela. Zambarau. Achari yenye manjano. Ukwaju na embe mbichi ya chumvi na pilipili havina rangi ya kutisha, ila vitakupigisha shoti za kutosha. Ukishakula kitu kichachu, hata miezi baadaye, sukutua maji na usubiri nusu saa ndipo upige mswaki. Enameli iliyolainika inasugulika.

Chai ya rangi na kahawa huacha doa kwa kujirudia. Habari njema kwetu ni chai ya maziwa: protini ya maziwa hushikana na kile kinachotia doa kwenye majani ya chai, hivyo kinachofika kwenye jino ni kidogo. Tambuu, ugoro, miraa na sigara hizo zitashinda kazi ya daktari yeyote, na fizi zinaumia njiani.

Rangi ikirudi ghafla kama ukahawia kati ya jino na jino, niambie unasukutua nini. Dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini, nzuri sana kwa fizi, ikitumika wiki mbili na zaidi hutia doa la kahawia. Dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, hutia weusi. Inywe kwa mrija na usukutue, wala usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia. Madoa haya yako juu tu na hutoka kwa kusafishwa, sawa na ugaga unaojijenga nyuma ya meno ya chini. Mtu wa namna hii hahitaji kung'arishwa tena, anahitaji kusafishwa.

"Jino moja limebaki vilevile"

Kizibo, taji (kofia ya bandia inayovikwa jino) na meno ya bandia hayabadiliki kwa dawa hii. Meno ya jirani yakipauka, kizibo cha zamani kinabaki na rangi yake na sasa kinaonekana. Kinaweza kubadilishwa, ila subiri wiki mbili: rangi itulie, na oksijeni iliyobaki kwenye jino iishe, kwa sababu inazuia kizibo kipya kushika.

Jino lako mwenyewe likiwa jeusi au la kijivu peke yake, kumbuka kama uliwahi kuanguka na bodaboda au kupigwa kiwiko uwanjani, hata miaka kumi iliyopita. Huenda kiini kilikufa kimyakimya. Linapigwa eksirei, linatibiwa mzizi, kisha linang'arishwa kutokea ndani. Mistari ya kijivu inayokata meno yote kwa upana ni jambo lingine, mara nyingi ni tetrasaiklini, dawa za kuua bakteria ulizopewa utotoni, na trei za usiku huchukua miezi kadhaa kuipunguza.

"Nataka nyongeza kidogo, nifanye nini nyumbani?"

Fanya kwa trei zako na jeli uliyopewa na daktari, usiku mmoja au miwili kila baada ya miezi kadhaa, na tu kama ganzi imeisha kabisa. Trei ioshe kwa maji ya baridi; maji ya moto huikunja, na gari lililoegeshwa juani huikunja vilevile. Jeli ikae kwenye friji. Mjamzito na anayenyonyesha asubiri.

Ndimu na magadi ya unga, mkaa uliosagwa, chumvi ya mawe: naomba uviache. Ndimu inayeyusha enameli, mkaa unaikwangua, na enameli haioti tena. Chini yake kuna dentini, na dentini ni ya njano. Alikuja binti aliyesugua mkaa kila asubuhi kwa miezi, akashangaa kwa nini kila akizidisha meno yanazidi kuwa ya njano.

Vilevile jeli zinazouzwa saluni bila maandishi ya kiasi cha dawa. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2012, haziruhusu bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksidi kuuzwa kiholela. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 lazima ianzie kwa daktari wa meno, na haipewi aliye chini ya miaka 18. Uliza chupa ina asilimia ngapi. Asiyeweza kukujibu asikuguse mdomo.

Ukiandika, andika hivi

Uso ukivimba, ukapata homa, au mdomo ukashindwa kufunguka, usiandike, nenda hospitali. Mengine yote, niambie jino la ngapi kutoka katikati, juu au chini, kulia au kushoto. Lilianza saa ngapi. Kinachoamsha maumivu: baridi, moto, kutafuna, au hakuna. Hesabu sekunde kwa sauti, maumivu yanapoanza hadi yanapoisha, mara tatu tofauti, uniandikie namba zote tatu. Na picha, dirishani, asubuhi.